Aliyekaa Mbele ya Bibi

Siku tatu za Idi ile tulizimaliza ndani ya nyumba ya bibi, madirisha ya upande wa barabara yakiwa yamefungwa, na siku zote tatu nilimwonea wivu mtoto ambaye baba yake alikuwa amechukuliwa.

Baba yake alikuwa baba mdogo wangu, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa mwalimu, akiishi na mkewe na binti yao huyo mmoja katika nyumba za walimu kule Kyambogo. Wiki tatu kabla ya Idi, asubuhi, wanaume watatu wenye mashati ya maua na miwani myeusi walimfuata nyumbani, wakamtia ndani ya buti la gari, wakaondoka naye. Hakurudi. Niseme sasa hivi kwamba hakurudi kabisa, hata utawala wa kijeshi wa miaka ile ulipoanguka, wala hatukuonyeshwa kaburi. Lakini Idi ile ilipofika bado tulikuwa tunasema "akirudi". Mkewe alishinda kwenye milango ya watu wenye vyeo, picha ya mumewe ndani ya mkoba, na binti akaachwa kwetu, katika nyumba ya bibi upande wa juu wa Katwe, ambako mimi na baba yangu tulikuwa tunaishi tangu mama yangu alipofariki.

Yeye alikuwa na miaka kumi, mimi kumi na miwili. Hakuna aliyenificha lililompata baba mdogo. Nilijua kila kitu, na bado niliona wivu. Tena niliuona wivu ule kwa mpangilio, maana tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuangalia na kuweka kumbukumbu. Kwanza ilikuwa firigisi ya kuku. Miaka yote bibi alinipa mimi firigisi jikoni, kwa siri, kabla sahani hazijatoka. Wiki ile ya kwanza aliigawa katikati. Wiki ya pili alimpa yeye yote. Kisha ikaja kanga ya bibi ya rangi ya zambarau, ambayo hata kuikunja sikuruhusiwa, nikaikuta imefunika miguu ya yule mtoto. Kisha kitanda. Mimi nilihamishiwa godoro la chini, chumba cha shangazi, na yeye akawa analala na bibi.

Kilichoniuma zaidi ni ulimi. Sisi tulikuwa Waswahili wa Kampala. Babu wa babu yangu alipanda kutoka pwani na msafara wa biashara, na bibi alikilinda Kiswahili chake kama alivyovilinda vikombe vyake vya kaure. Nikikosea neno alinirudisha mara tatu. Katika miaka ile Kiswahili kilikuwa kimepata kazi nyingine mitaani, kilikuwa lugha ya wenye bunduki, na wanawake wa sokoni walipotusikia tukizungumza walipunguza sauti zao. Jambo hilo lilimuudhi bibi kuliko kukosa sukari. Basi nyumbani alitaka kisemwe kwa adabu. Lakini yule mtoto alikulia kwenye Kiganda na Kiingereza cha wazazi wake wasomi. Alimwita bibi "jjajja". Karata aliziita "kalata", na ree akaiita "lee". Alisema "mimi hapana taka". Nami nilikaa nikisubiri bibi amrudishe japo mara moja. Bibi alicheka tu, akamvuta karibu.

"Sema tena, mjukuu wangu. Sema tena nikusikie."

Kwa kawaida siku ya Idi watoto tulizunguka nyumba kwa nyumba na nguo mpya, tukitoa mkono na kupewa chochote. Mwaka ule baba yangu alirudi kutoka kuswali akiwa amevua kofia na kuificha ndani ya kanzu.

"Kuna lori la askari pale chini kwenye mafundi bati," alisema. "Na kizuizi cha pili njia ya mjini. Leo hakuna mtu wa kutoka. Wala kesho."

Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki ingawa hajawahi kuuza hata mmoja, alishika kiuno.

"Basi tutakaa humu kama kuku tunduni. Mama, toa michezo. Mimi nikikaa bure nakula, na hicho kipilau chenyewe hakitoshi."

Tulianza na vitendawili, kwa ajili ya watoto. Baba ndiye aliyetega. Alimgeukia mgeni wetu kwa upole.

"Kitendawili!"

Mimi nikadakia, "Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba hilo ni yai. Yeye hakujua. Alitazama dari, akatazama mlango, akatikisa kichwa.

"Basi nipe mji," alisema baba, kama ilivyo desturi. Asiyejua jibu humpa mtegaji mji wowote autakao, na mtegaji hujigamba kidogo jinsi alivyoufikia mji huo, akapokewa, akala, akanywa, ndipo atoe jibu. Watu hutoa Mombasa, hutoa Unguja, hutoa Makka.

"Kyambogo," alisema yule mtoto.

Baba akaanza, kwa mazoea. "Nikaenda Kyambogo, nikafika, nikabisha hodi..." Hapo akakwama. Alikohoa. Akajaribu tena, "nikabisha hodi", na sauti haikutoka. Shangazi akainamia vidole vyake vya miguu. Yule mtoto alikuwa anangoja aambiwe nani alifungua.

"Yai," alisema bibi. "Jibu ni yai. Leteni karata."

Bibi alicheza mchezo mmoja tu, wahedi-wa-sitini. Wanacheza wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako hukaa mbele yako. Alama zote ni mia na ishirini, na upande unaofika sitini na moja umeshinda. Ree ni kumi na moja, saba ni kumi, wazungu, zile karata za picha, wana alama zao chache, na zilizobaki ni magarasa yasiyo na alama. Rangi inayochaguliwa kuwa turufu huzila nyingine zote. Katika nyumba yetu kulikuwa na sheria nyingine moja. Bibi hakuondoka mkekani. Upande wake ukishindwa, aliyeondoka ni mwenzake. Alinyanyuka, akamimina chai kwa watu wote, na mwingine akachukua nafasi yake mbele ya bibi.

Nafasi ile ilikuwa yangu tangu nilipokuwa na miaka minane. Sikumbuki kuondolewa zaidi ya mara mbili. Nilikuwa nimeshakaa, miguu nimekunja, nikizipanga karata zilizochanika pembe ili zisijulikane, bibi aliposema:

"Wewe leo kaa na shangazi yako. Mgeni atakaa na mimi."

"Huyu si mgeni, bibi. Ni mtoto wa baba mdogo."

"Ndiyo maana," alisema bibi.

Nikahama. Baba akawa mhesabuji, kazi aliyoipenda kwa kuwa hakuna anayemlaumu mhesabuji. Yule mtoto alizishika karata kama mtu aliyeshika nyanya za moto, nami nikajisemea mchezo mmoja tu utatosha kumwondoa. Walishinda wa kwanza. Walishinda wa pili. Hadi jua linazama siku ile walikuwa hawajashindwa hata mara moja, na shangazi alikuwa amenitukana kwa majina ya mboga zote za Uganda.

Asubuhi ya siku ya pili tulikuwa wawili uani tukiosha vikombe. Nilimuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya utani, kama hachoki kukaa pale.

"Mimi hapana choka," alisema. "Kama mimi hapana ondoka kwa mkeka mpaka Idi naisha, Dadi anarudi."

"Nani kakwambia?"

"Mimi nimeambia Mungu."

"Bibi anajua?"

"Jjajja anajua. Alisema tutajaribu."

Alisema hivyo akisugua ndani ya kikombe kwa kidole, kwa makini, asikivunje. Mimi nilikuwa nimesoma madrasa kuliko yeye, nikamwambia kwamba Mungu hawekewi masharti ya karata. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kwamba mvua inaweza kunyesha, akaendelea kusugua. Sikumcheka. Lakini niliingia ndani nikiwa na jambo moja tu kichwani, kwamba bibi alikuwa na siri na mtu mwingine.

Siri ya pili niliigundua mchana. Turufu ilikuwa shupaza. Bibi alikuwa anasita, karata mbili zikiwa zimechomoza kidogo mkononi, na yule mtoto akapandisha mkono polepole akagusa ndewe ya sikio la kulia. Bibi akatupa bila kusita tena.

Niliitambua ishara ile. Ndewe ya sikio la kulia maana yake ninayo ree ya turufu. Kuvuta nguo begani ni saba. Kukuna goti ni mzungu wa nne, yaani mfalme. Kukohoa ni sina kitu, jiokoe. Bibi alikuwa amenifundisha mimi ishara zile, mimi peke yangu, alasiri moja ya Ramadhani tukichambua mchele, na nilipomuuliza kama huo si wizi alinijibu, "Wizi uko sokoni, mwanangu. Huku ni kuelewana." Akaniapisha nisimwambie mtu, hata baba. Sikumwambia mtu kwa miaka minne. Na sasa zilikuwa kwenye mikono ya mtoto asiyejua kutamka ree.

Kuchukuliwa firigisi nilikuwa nimevumilia, na kanga, na kitanda. Nilikaa pale na karata zangu nikizihesabu bila kuziona. Shangazi alinipiga kofi la mguu.

"We, umelala? Tupa!"

Nikatupa. Tukashindwa tena.

Jikoni, shangazi alipokuwa anapepea sigiri ili chai ichemke, nilimwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, ishara moja baada ya nyingine, sikio, bega, goti, kikohozi. Shangazi aliacha kupepea. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama yangu! Mama yangu huyu wa swala tano! Tangu nikiwa msichana ananiambia sina akili ya karata, kumbe ana simu ya sikioni!" Alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kesho ataniona. Kesho nitamla mpaka mkeka."

"Usimwambie kama ni mimi."

"Nimwambie ili iweje? Nataka nimle, sitaki nimkamate."

La nadhiri ya yule mtoto sikumwambia. Nilifungua kinywa mara moja, alipokuwa ananipa birika nilishike, nikakifunga. Naijua sababu. Kama angejua, shangazi yangu, ambaye alilia hata paka wa jirani alipogongwa, asingekubali kabisa.

Siku ya tatu tulianza baada ya swala ya adhuhuri. Nje lori lilipita mara mbili, na kila lilipopita baba alisimamisha mchezo kwa kidole, tukangoja, tukaendelea. Turufu ilikuwa kopa. Nilizipokea karata zangu, na kati yake nikaona saba ya kopa. Niliinua macho. Yule mtoto alizipanga zake, akazitazama kwa muda mrefu, kisha mkono wake ukapanda taratibu mpaka sikioni.

Shangazi aliona. Hakunitazama. Alijipepea kwa karata zake kama mwenye joto, akangoja zamu yake ya kuanza, akatupa garasa la kopa.

Bibi alishtuka. Hakuna mtu anayeanza na turufu ndogo kiasi kile bila sababu. Lakini sheria ni kufuata rangi, na yule mtoto alikuwa na kopa moja tu. Ilibidi aiteremshe ree yake pale pale, nami nikaweka kopa ndogo, na bibi naye akaweka ndogo. Ree kubwa ikala magarasa matupu. Kuanzia hapo saba yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na nilikaa nayo mpaka mwisho, mpaka ree ya pau ya bibi ilipoanguka mkekani, nikaifunika.

Baba alihesabu. Alihesabu tena.

"Sitini na tatu," alisema. "Kwa hamsini na saba."

"Aaaah!" Shangazi aliruka pale alipokaa, na mkeka ukaruka naye. "Nani hana akili ya karata? Nani? Mama, sema nani! Haya, mtoto wa Kyambogo, ondoka, chai! Chai kwa washindi! Yangu ijae!"

Yule mtoto hakuondoka. Alikuwa anatazama lundo la karata mbele ya baba, kana kwamba kuna ambayo haijahesabiwa.

"Jjajja," alisema, "Idi imeisha?"

"Bado," alisema bibi. "Bado kidogo, mjukuu wangu."

Basi akanyanyuka. Alimimina chai, vikombe vitano, bila kumwaga hata tone, na akavileta kimoja kimoja. Alikuwa amelelewa Kiganda. Alipiga magoti mbele ya kila mtu aliyempa. Alipiga magoti mbele ya baba, mbele ya bibi, mbele ya shangazi. Alipiga magoti mbele yangu pia, mimi niliyemzidi miaka miwili tu, akanipa kikombe kwa mikono yote miwili, na hakunitazama usoni kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

"Mbona mmenuna?" aliuliza shangazi. "Karata tu hizi."

Nilikwenda kukaa mbele ya bibi. Yule mtoto akachukua nafasi yangu mbele ya shangazi, kando ya baba, na baba akamwekea mkono begani. Bibi aligawa. Nilifungua karata zangu na nikaona, kama vile imeandaliwa, ree ya turufu. Moyo wangu ulikunjuka. Nilijua sasa tutarudi tulipokuwa, mimi na yeye, na kila mtu mahali pake. Nikapandisha mkono, nikagusa ndewe ya sikio la kulia.

Bibi aliutazama mkono wangu. Aliutazama vizuri, hakuna aliyeweza kusema hakuona. Kisha akateremsha macho kwenye karata zake, akatupa kitu kisichokuwa na maana yoyote, kama mtu anayecheza na mgeni aliyeingia kutoka barabarani. Nikagusa tena. Akatupa tena. Nikavuta nguo begani, nikakuna goti. Tulipata alama ishirini na mbili. Nilinyanyuka mwenyewe kabla sijaambiwa, nikamimina chai.

Mama yake alirudi kabla ya magharibi. Alikuwa ametembea kutoka mjini, viatu mkononi, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaomba maji, akayanywa yote.

"Wamesema nirudi Jumatatu," alisema.

Yule mtoto akasimama katikati ya chumba.

"Ni mimi, Mami," alisema. "Mimi nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Kalata."

Mama yake alitutazama mmoja mmoja, haelewi. Shangazi naye alikuwa haelewi, lakini nilimwona anaanza kuelewa. Aligeuka taratibu kunitazama mimi, na uso wake ulikuwa umepoteza mzaha wote. Bibi alikuwa anazikusanya karata, akizigonga kwenye goti zilingane.

"Hakushindwa huyu," alisema. "Nimeshindwa mimi. Yeye alicheza vizuri sana, alifanya kila nilichomfundisha. Ni mimi ambaye sikuona. Unasikia, mjukuu wangu? Kosa lilikuwa langu. Wewe umekaa mpaka mwisho."

Kwa umri wangu wote sikuwahi kumsikia bibi akisema ameshindwa. Akizidiwa alisema karata hazikuchanganywa, au kuna mtu anamzibia mwanga, au baba amehesabu kwa haraka. Hata babu alipokuwa hai hakukiri mbele yake. Nilisimama pale na sinia la vikombe, shangazi akinitazama, na nilijua vizuri kosa lilikuwa la nani, na kwamba bibi analijua pia na hatalitaja. Toba ilikuja baadaye, ilinichukua miaka. Kilichonishika saa ile kilikuwa wivu ule ule, mkali kuliko wa siku zote tatu, kwamba neno hilo amekubali kulisema kwa ajili yake.

Nikapeleka vikombe jikoni.